Mfuko wa Risiti

Mwanzoni mwa 1996, Rais Benjamin Mkapa akiwa hajatimiza hata miezi mitatu Ikulu, aliunda tume ya kuchunguza kero ya rushwa na kumpa Jaji Joseph Sinde Warioba aiongoze. Tume ilitaka kuwasikia wananchi, kwa mdomo na kwa maandishi. Kwamba habari ile imewaingia watu nililijua haraka, maana nilikuwa mpiga chapa. Meza na taipureta yangu vilikaa barazani Mtaa wa Swahili, Kariakoo, nami nilikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka nyumbani Jangwani. Kabla ya hapo nilikuwa nachapa maombi ya kazi, hati za kuuziana nyumba na barua za mirathi. Mwaka ule nikaanza kuchapa malalamiko.

Dar es Salaam ilikuwa imechoka. Uchaguzi wa Oktoba 29, 1995 ulivurugika mjini kwetu kwa vifaa kuchelewa, ukafutwa, tukapanga foleni upya Novemba 19. Taka zilioza barabarani, mvua ikinyesha Bonde la Msimbazi linajaa na uchafu unaingia hadi uani. Lakini Rais mpya alikuwa ametangaza mali zake hadharani, watu wakamwita Bwana Msafi, na wengine wakapata ujasiri wa kusema.

Ujasiri wenyewe ulikuwa nusunusu. Mtu alikuja, akachutama karibu na kiti changu, akasimulia kwa sauti ya chini: kitanda cha mgonjwa kilichopatikana kwa kitu kidogo, kiwanja kimoja walichopewa watu wawili, kesi inayoahirishwa mpaka uelewe. Tukifika mwisho, namuuliza: "Niweke jina gani, mzee?" Anajibu: "Andika Raia Mwema." Walikuwa na sababu. Sheria ya rushwa ya 1971 ilimtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Aliyesema "nilitoa" alikuwa anajishtaki mwenyewe, tena kwa maandishi na sahihi yake chini.

Ninachokumbuka kuliko barua zote ni mfuko wa rambo. Aliuleta mama mmoja muuza nazi, jirani yetu wa Jangwani. Akaniamkia, akaumimina mezani: risiti za ushuru, nyingine zimelowa, nyingine zimekunjwa mara nne. "Kaka, mimi kusema sijui," akaniambia. "Nihesabie tu."

Bwana ushuru aliyemtoza yeye na wauzaji wenzake alikuwa na ujanja ambao wote waliuona lakini kila mmoja aliunyamazia. Alipokuandikia risiti, alichomeka kipande cha boksi la sigara kati ya karatasi ya juu na kaboni. Wewe ulipewa karatasi yenye kiasi ulicholipa. Nakala ya chini ilibaki nyeupe, akaijaza baadaye kwa kiasi alichopenda yeye. Kitabu kikifika ofisini kilionekana safi, kwa sababu mkaguzi alisoma nakala za chini tu, na za juu zilikuwa zimeshafungiwa bamia au kuwashiwa jiko.

Mama yule hakuwahi kutupa hata moja. Aliwafuata wenzake, wakachangia zao. Tulizipanga kwa namba zake za mfululizo, nikachapa orodha ya safu tatu: namba, tarehe, kiasi. Hakukuwa na tusi ndani yake wala neno "fisadi". Mwisho tuliomba jambo moja, vitabu vifunguliwe na namba hizo zilinganishwe. Wauzaji walitia sahihi kwa pamoja, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole peke yake. Ofisi iliyohusika siitaji. Barua ilijibiwa, vitabu viliitwa, na bwana ushuru yule hatukumwona tena. Hakufikishwa mahakamani, na hilo liliwauma wengi. Ila mwenzake aliyekuja baada yake aliandika risiti bila boksi la sigara, tena wauzaji wakimsimamia.

Juni mwaka huohuo Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja Baraza la Jiji na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Sitamnyima mtu haki yake: taka ziliondolewa, barabara zikazibwa mashimo, mapato yakapanda. Lakini kwa karibu miaka minne hatukuwa na diwani wa kumkamata shati. Walioteuliwa waliwajibika kwa aliyewateua. Mpaka 2000, zilipoundwa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, ndipo sisi wa Jangwani, tuliokuwa Ilala, tukapata tena mtu wa kumuuliza fedha zetu zimekwenda wapi.

Ripoti ya Warioba ilikabidhiwa mwishoni mwa 1996. Ilitenganisha rushwa mbili: ya mwenye mshahara mdogo anayetafuta kula, na ya mkubwa mwenye uroho wa mali. Tukicheza bao tulibishana sana ipi inatuumiza zaidi. Leo nasema zote mbili, ila dawa zake si moja. Orodha ya mama muuza nazi isingeweza kufichua fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje: zaidi ya shilingi bilioni 133 zilizokuja kuchotwa Benki Kuu baadaye. Huko wanahitajika wakaguzi wenye meno, Bunge na magazeti. Lakini Benki Kuu iko mbali na kizingiti cha mtu. Ushuru, choo cha shule na mtaro wa mtaa viko mlangoni, na hapo hakuna mkaguzi anayemzidi mlipaji mwenyewe.

Tangu siku zile zana zimeongezeka. Ilikuja TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, kwa sheria ya 2007, na namba yake ya simu ya bure 113. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ilipitishwa 2015, ya haki ya kupata habari 2016. Kaboni imekufa, ushuru unakatwa kwa mashine ya POS. Hata hivyo CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, bado anaandika kwenye ripoti zake kuhusu halmashauri ambazo fedha zake zilikusanywa kwa mashine na hazikufika benki. Boksi la sigara limebadilika sura tu.

Nami nimezeeka, lakini mikutano ya mtaa bado nahudhuria. Mwenyekiti akifika kwenye mapato na matumizi husoma mbiombio, vijana wanatazama saa kwa sababu Yanga inacheza, na mkutano unafungwa kwa makofi. Wanangu, msipige makofi kabla hamjauliza. Ombeni karatasi ya hesabu ibandikwe ubaoni kabla ya mkutano. Daini risiti hata ya shilingi mia mbili, na muitunze. Mkiona kasoro, msinong'one wala msitukane: andikeni namba, tarehe na kiasi, mtie sahihi wengi kwa pamoja, na mbaki na nakala yenu. Mwizi wa fedha za umma amezoea kelele zetu. Hesabu zetu ndizo asizozizoea.