Mizani ya Gari Linaloinama

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wahenga waliisema methali hii wakivitazama vyombo vya baharini, lakini yamkini yafaa pia kwa vyombo vinavyoelea juu ya lami. Katika barabara ya Whittier Boulevard, mashariki ya Los Angeles, kwa miongo mingi yamepita magari ya kale yaliyoshushwa hata matumbo yao yakakaribia kuigusa ardhi. Hayaendi mbio. Wenyewe, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, husema kwa Kihispania bajito y suavecito, yaani chini na taratibu. Mfasiri hupata tabu na maneno hayo. Kiswahili kinacho kijitu na kijigari, lakini udogo wa aina hiyo aghalabu hubeza. Ule wa Kihispania hubembeleza.

Mpita njia ayaonapo magari hayo hudhani kwamba mwenyewe amefanya alivyopenda. Ameachana na vipimo vya kiwanda, akajitungia vyake. Dhana hiyo si ya haki. Anayelishusha gari huwa amejitia chini ya vipimo vingi zaidi kuliko yule aliyeliacha lilivyo, na vipimo hivyo humkabili vyote siku anapokwenda kuchagua rimu na matairi.

Tuchukue Chevrolet Impala ya mwaka 1964, inayopendwa kuliko nyingi katika fani hii. Mwenyewe akizitoa springi zake na kutia fupi, mwili wa gari hushuka, bali gurudumu halishuki. Lenyewe hubaki palepale juu ya lami, na mwili ndio unaoliteremkia. Nafasi iliyokuwapo baina ya tairi na madigadi huliwa, na hapo masharti huanza.

La kwanza ni matundu ya nati. Habu ya gari hilo ina nati tano, zilizopangwa katika duara lenye kipenyo cha inchi 4.75. Rimu za spoki zinazopendwa huko hazina matundu hayo. Hushikwa na nati moja kubwa ya katikati, inayokazwa kwa nyundo. Kwa hiyo hutakiwa kipande cha chuma cha kuunganisha, kilichotobolewa kulingana na habu, na hesi za upande wa kulia hupingana na zile za kushoto ili mwendo wenyewe usiilegeze nati. Hapa hakuna karibu wala takriban. Kipande cha gari jingine hakiingii, na kikilazimishwa huja kuua.

La pili ni namna rimu inavyokaa. Rimu ipendwayo ni ya inchi 13 kwa kipenyo na 7 kwa upana, na kina chake kimeelekezwa nje kama bakuli lililolazwa ubavu. Uso wake unaogusa habu uko nyuma, karibu na ukingo wa ndani, hivyo gurudumu hutokeza. Likitokeza kupita kiasi, tairi huuma madigadi kila gari linapoinama. Rimu ikiingia ndani mno, hukwaruza mitambo ya usukani au springi. Wako wanaopenda kuyafunika magurudumu ya nyuma kwa bati la urembo, nao hulazimika kuifupisha ekseli yenyewe ili kupata nafasi ya rimu hiyo. Ni sawa na mshairi mwenye neno alipendalo lililozidi silabi moja. Kulitupa hataki, basi huuvunja mshororo mzima na kuuunga upya ili mizani zake zirudi kuwa kumi na sita.

La tatu ni kimo cha tairi. Lililozoeleka ni la kipimo cha 155/80R13, yaani upana wa milimita 155, ubavu wenye asilimia 80 ya upana huo, ambao ni milimita 124, na rimu ya inchi 13. Kimo chake chote ni kama milimita 578, pungufu sana ya tairi la asili. Udogo huo ndio unaoirudisha nafasi iliyoliwa na springi fupi. Lakini gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa masafa yaleyale, hivyo mshale wa mwendo hutia chumvi: gari linakwenda taratibu, na saa yake inadai linakimbia.

La nne ni uzito, nalo ndilo linalosahauliwa. Tairi la kipimo hicho aghalabu huandikwa nambari 79 ubavuni, ambayo maana yake ni kwamba lamudu kilo 437. Matairi manne yatamudu kilo 1,748. Impala tupu huzidi kilo 1,500. Mwenye gari akitia buti mitambo ya haidroliki na safu ya betri nzito, kisha akapakia jamaa zake wanne, hesabu imekwisha, au imekwisha kupita. Uzuri wa gari hilo husimama juu ya ukingo mwembamba, na mwenye busara hulijua hilo, akaenda taratibu si kwa madaha tu.

Juu ya masharti haya ya chuma na mpira liliongezwa sharti la dola. Mwaka 1958 California ilipiga marufuku gari lililobadilishwa hata sehemu yake yoyote, isipokuwa magurudumu, ikawa chini kuliko ncha ya chini ya rimu. Kwa hiyo rimu, pambo la gari, ikafanywa pia rula ya polisi. Mtu atazame alivyotendewa mpenda rimu ndogo. Tairi lake lina ubavu wa milimita 124, hivyo rimu imekaa juu, na gari lote lapaswa kukaa juu. Mwenye rimu kubwa ya inchi 19 na tairi jembamba la 225/35 ana ubavu wa milimita 79 tu. Huyo aliweza kulishusha gari lake kwa sentimita nne zaidi, naye asivunje sheria.

Mwaka 1959 Ron Aguirre alilitilia gari lake haidroliki, likawa laweza kuinuka na kuinama kwa kubonyezwa swichi. Mbele ya askari gari lilisimama wima. Akiisha kupita, liliinama tena. Baadaye miji ikapewa uwezo wa kukataza hata ule mwendo wa kupita na kurudi polepole.

Ila wakati nao hupima. Gypsy Rose, Impala ya 1964 iliyochorwa mawaridi, mali ya Jesse Valadez wa mashariki ya Los Angeles, iliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya taifa ya magari ya kihistoria, ikaonyeshwa mjini Washington. Mwaka 2023 California ikapitisha sheria ya kuyafuta makatazo yote mawili, la kimo na la mwendo, na tangu Januari 2024 rimu si rula ya askari tena.

Sharti la dola limeondoka. Yale manne yamebaki, na hakuna bunge liwezalo kuyafuta. Ndiyo maana fundi mzuri, kabla hajamruhusu mtu kulipia rimu, hulishusha gari mpaka mwisho wake, akauzungusha usukani wote kushoto, kisha wote kulia, akachuchumaa na kupitisha kidole baina ya tairi na bati. Kidole kikikwama, rimu hurudishwa dukani hata ikiwa inameremeta namna gani. Kikipita, gari litapita.