Kiuno cha Jiko

Vitabu vya historia ya usanifu wa bidhaa za viwandani hunipeleka Ujerumani, kwenye shule ya Bauhaus iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919. Moyo wangu, hata hivyo, huelekea Kamukunji, Nairobi, penye kelele za nyundo na bati, na jiko la mkaa lenye kiuno chembamba. Kwa muda mrefu nimejiuliza ni nani hasa aliyelisanifu.

Siridhiki na jina moja. Wazo lilitoka Thailand, kwenye jiko la ndoo lenye udongo ndani. Lilipofika Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipita mikononi mwa wengi: wahandisi, wafinyanzi, mafundi wa jua kali, na akina mama waliolitumia jiko hilo kupikia. Udongo uliochomwa ukabaki nusu ya juu tu, panapokaa mkaa. Chini pakaachiwa hewa na majivu. Kwa hiyo kiuno kile si pambo. Ndicho kinachokibeba kikombe cha udongo, nacho kitako kipana hulituliza jiko mpishi anaposonga ugali. Kikombe kikipasuka, hununuliwa kingine, bati likabaki lile lile.

Umbo hilo halikuwekewa hataza, na nadhani ndiyo maana liliweza kuvuka hadi Tanzania na Uganda. Lakini mlango uliowaruhusu mafundi hodari uliwaruhusu pia wenye haraka, na vikombe visivyoiva vizuri vikaingia sokoni. Je, ingefaa ufungwe? Kuna siku husema ndiyo, kisha nawakumbuka vijana waliojifunza ufundi kwa kuiga tu, nasita.

Jiko lenyewe huenda likapita, wala sitalizuia. Mkaa hula miti, na gesi yake ya sumu huua watu ndani ya vyumba vilivyofungwa. Gesi ya mitungi na sufuria za umeme zinakuja, na zije. Hofu yangu ni juu ya vyombo vilivyofungwa kabisa, ambavyo kijisehemu kimoja kikiungua, chombo kizima hutupwa.

Ninyi mnaosomea usanifu leo, kabla hamjakamilisha mchoro, upelekeni kwa mpishi na kwa fundi atakayekitengeneza chombo kikiharibika. Msikilizeni kila mmoja, kisha mwe tayari kuufuta na kuuchora upya.