Mnyaa wa Nyanya

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi ni mjukuu, na majuto nayajua.

Mwaka wa 2022 mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020. Nyanya alitoka Kitui akaja kwetu Maringo, hapa Makadara, kutafuta matibabu. Ndani ya kiondo chake mlikuwa na tawi la mnyaa. Alilipanda katika mkebe wa rangi mbele ya mlango, akaniambia, "Huu hautasumbua, mjukuu wangu. Hauna haja na maji yako."

Wakati huo mfereji wetu ulitoa maji siku mojamoja tu, na mpanga foleni ya mitungi nilikuwa mimi. Maji tuliyooshea mboga niliyamwagia sukuma wiki za Mama, maana ndizo zilizotulisha jioni. Hata hivyo, saa saba mchana majani yake mapana yalikuwa yamelegea kama matambara. Nao mnyaa ulinikera. Ati mti gani huu usio na majani? Nyanya aliporudi Kitui niliung'oa, nikautupa juu ya paa la choo, mkebe nikaupandia sukuma.

Miezi miwili baadaye Nyanya akaaga dunia. Tulipotoka mazishini Mama akauliza, "Mti wa mama uko wapi?" Ulimi ukanikauka. Nilipanda juu ya paa huku nikitetemeka. Ngozi ya mnyaa ilikuwa imekunjamana, lakini, wenzangu, bado ulikuwa kijani!

Baadaye, katika somo la Bayolojia, nilielewa. Jani lina vitundu vidogo mno viitwavyo stomata. Mmea huingiza humo hewa ya kutengenezea chakula, na humohumo maji hutoka kama mvuke. Kwa hivyo jani pana kama la sukuma hupoteza maji mengi juani. Majani ya mnyaa ni madogo na membamba, nayo huanguka mapema. Kazi ya kupika chakula huachiwa matawi, ndiyo maana ni ya kijani. Matawi hayo yana ngozi yenye nta inayozuia maji kutoka, na stomata zake hufunguka usiku, jua likiwa limetua. Mshubiri nao hauangushi majani. Huyanenepesha, ukaweka maji humo kama mtu awekavyo akiba.

Kumbe kile nilichokiita kasoro ndicho kilichouokoa mti wa Nyanya.

Niliupanda upya, huku nikijihadhari na utomvu wake mweupe, ambao ni hatari kwa macho. Leo umenifika kifuani. Mama nilimweleza ukweli wote. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Haya, umwagilie kidogo." Nyanya sikuwahi kumwomba msamaha. Basi wewe msomaji, kama nyanya yako yu hai, akikuletea kitu usichokielewa, muulize kwanza kabla hujakitupa.