Boksi la rangi, mwendokasi na pantoni: Jumamosi yetu ya kuchora bahari

Januari 2024, meli ya kitalii ya Norwegian Dawn ilitia nanga katika bandari ya Dar es Salaam ikiwa na wageni zaidi ya 2,000. Binti yangu aliiona kwenye taarifa ya habari akauliza watu hao wanafanya nini mchana kutwa baharini. Nikamwambia wanakula, wanaogelea, na katika baadhi ya meli za namna hiyo yupo mwalimu wa kuwafundisha abiria kuchora kwa rangi za maji. Akafikiri kidogo. "Mama, na sisi twende."

Meli hiyo siiwezi. Lakini sisi wa Kimara tuna mwendokasi unaotufikisha Kivukoni, na pale Feri kuna pantoni. Likizo ya Juni nilinunua boksi la rangi, brashi mbili na karatasi nene, tukapanga Jumamosi.

Nilikuwa na sababu nyingine. Mtoto huyu yuko darasa la nne, na mwaka huo alianza kufuta kila anachoandika. Anafuta mpaka karatasi inatoboka, kisha analia. Rangi za maji hazifutiki, nikaona huenda zikamsaidia.

Tuliondoka Kimara Mwisho asubuhi, mahali basi linapoanzia, kwa hiyo tulipata viti. Yeye, mdogo wake na mimi tulikuwa na mchezo mmoja: kila kituo, mtu ataje rangi moja aliyoiona. Ubungo, kijivu cha daraja la juu la Kijazi. Manzese, machungwa kwenye toroli. Jangwani, kijani cha majani ya bondeni. Kivukoni, vigae vyekundu vya Kanisa la Azania Front, lililojengwa zama za Wajerumani. Nauli ilishalipa somo la kwanza, kuangalia.

Kwenye pantoni nilikuwa nimepanga wachore. Nilijidanganya. Watu wamesimama bega kwa bega, bodaboda, ndoo za samaki, na safari yenyewe haifiki dakika kumi. Hata hivyo tulibahatika. Pantoni hukatiza mlango wa bandari, na meli kubwa ikiingia, inaisubiri ipite. Siku hiyo ilipita meli ya makontena, karibu kiasi kwamba watoto walinyanyua vichwa kama wanaangalia ghorofa. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akamwambia binti yangu, "Iangalie vizuri mwanangu, haisimami kupigwa picha."

Ng'ambo ya Kigamboni tukatafuta kivuli ufukweni. Hapo nikagundua mdogo mtu ameshakunywa maji yote ya chupa. Tukachota ya bahari. Chumvi huacha vidoadoa rangi inapokauka, na wachoraji wengine huinyunyiza makusudi. Nikawaeleza na jambo la pili: katika rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe. Ukitaka meli nyeupe, unapaka bahari na mbingu, meli unaiacha. Si kama rangi za mafuta alizotumia Edward Saidi Tingatinga hapa Dar mwaka 1968. Zile nzito, kosa unalifunika kwa rangi nyingine juu yake. Hizi haziwezi kuficha kitu.

Alianza vizuri. Kisha mdogo wake akapita mbio na mkono uliolowa, tone likaanguka katikati ya meli. Bluu ikatambaa mpaka kwenye makontena. Nikaona midomo inaanza kutetemeka. Nami, badala ya kutulia, nikamnyang'anya brashi. "Lete nirekebishe." Nikasugua, nikaongeza bluu, nikasugua tena. Karatasi ikavimba, ikaanza kutoka nyuzi.

Aliniangalia, hakulia. Akasema taratibu, "Mama, sasa hii ni ya kwako."

Nilibaki nimeshika brashi. Mwaka mzima nilikuwa nikilaumu kalamu nyekundu ya shuleni. Lakini jioni nani hukaa pembeni yake na kifutio mkononi, akisema "hapana, hiyo futa"? Ni mimi.

Nikamrudishia brashi na karatasi mpya, nikahamia mbali kidogo. Meli ya pili ilitoka imepinda, moshi wake unamwagikia kwenye mbingu iliyokuwa bado mbichi. Alitaka kusema kitu, akaacha. Akaandika jina lake chini.

Mzazi unayetaka kujaribu, huhitaji vingi: karatasi nene, kwa sababu ya daftari hujikunja, kitambaa cha kufutia brashi, kifuniko cha ndoo cha kuchanganyia rangi, na chupa mbili za maji, moja ya kunywa. Anza na rangi nyepesi, nzito zifuate. Nenda asubuhi kabla ya upepo wa mchana kuleta mchanga. Na beba karatasi yako mwenyewe, uchafue yako.

Picha zote mbili ziko ukutani kwetu Kimara. Wageni wakiuliza, binti yangu anawaelekeza: "Ile iliyopinda ni yangu. Ile iliyochanika ni ya mama." Kufuta hajaacha kabisa. Mimi kifutio nimekirudisha kwenye begi lake, nikimkuta anaandika nakaa upande wa pili wa meza.