Maembe ya shilingi tatu

Wiki hii naweka kando habari za programu, ingawa mtaona tutazirudia kabla hatujafika mbali. Leo ni habari za maembe na bei yake.

Msimu huu nilinunua maembe 240 aina ya Apple kwa shilingi 720. Piga hesabu mwenyewe: shilingi tatu kila moja. Hayakuwa mabovu wala ya kuokota chini. Yalichumwa mtini asubuhi hiyo hiyo upande wa Mwala, na mama aliyeniuzia alinishukuru kwa kuyachukua yote. Wiki hiyo nilikuwa na safari ya Nairobi, na kwenye supamaketi embe la namna hiyo lilikuwa shilingi 40.

Kupata kitu kizuri kwa bei ya kutupa ni raha, nani atakataa? Lakini kazi yangu ni kuuliza kwa nini mfumo unafanya unavyofanya. Bei ikiwa tatu shambani na arobaini mjini, mwendo wa saa mbili tu kwa gari, basi kuna mahali mambo yamekwama. Nilitaka kujua ni wapi.

Tuanze na chanzo. Huku Ukambani, yaani Machakos, Makueni na Kitui, maembe ya kupandikizwa huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi. Watu wengi walipanda aina zile zile, Apple, Kent na Tommy Atkins, na miti haijui kupokezana zamu. Mwezi mmoja hupati embe hata la dawa, mwezi unaofuata ng'ombe wanalishwa maembe.

Halafu kuna nzi. Mwaka 2003 nzi wa matunda mwenye asili ya Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza, kule Pwani, kisha akasambaa. Jike hutaga mayai chini ya ganda. Embe kwa nje linaonekana zima, ukilipasua unakuta mabuu. Kwa sababu yake Kenya ilijizuia yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014 kabla haijafungiwa mlango, na mlango huo ulifunguliwa tena mwaka 2021. Nchi za Ghuba ziliendelea kununua, lakini embe lisilopata nafasi ya kusafiri huishia sokoni hapa mjini au kando ya barabara pale Kyumvi, likishindana na mengine elfu yanayofanana nalo.

Ukifuatilia habari za mvinyo utakuta kisa kinachokaribia hiki. Machi 2021 China iliuwekea mvinyo wa Australia ushuru mzito, kwa kampuni nyingine zaidi ya asilimia 200, na haikuuondoa hadi Machi 2024. Mvinyo mwekundu ukajaa matangini, bei ya zabibu ikaporomoka, na wapo wakulima waliong'oa mizabibu yao. Wanywaji nao wakafurahia chupa nzuri kwa bei ya chini.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mvinyo unaweza kungoja. Ukiwa na tangi safi na baridi ya kutosha, unaweza kukaa na mvinyo wako mwaka mzima ukisubiri soko litulie. Zabibu yenyewe haingoji. Majirani zetu wa Dodoma, ambao huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wanalijua hili vizuri: mkulima asiyepata mnunuzi ana siku chache tu, na mwenye tangi ndiye mwenye muda. Embe ni hivyo hivyo, ila Machakos wenye tangi ni wachache mno.

Sasa turudi kwenye kompyuta. Watu wa fani yangu tukisikia mkulima ameuza kwa bei duni, dawa yetu ya kwanza ni habari: mpe bei ya soko kwenye simu. Wazo hili si geni. Tangu miaka ya 2000 KACE ilikuwa ikituma bei za mazao kwa ujumbe mfupi wa simu, na mwaka 2010 wasichana wa Nairobi walianzisha M-Farm kwa lengo kama hilo. Ilikuwa kazi nzuri, na kwa mahindi au maharagwe inaeleweka kabisa. Mwenye gunia la maharagwe akiona bei ni mbaya leo, analifunga na kungoja.

Mama wa Mwala naye alikuwa na simu. Nilipomtajia bei ya Nairobi alicheka. "Mwanangu, hiyo bei naijua. Binti yangu yuko huko. Sasa nimpelekee na nini, na yafike lini?" Broka wake alikuwa ameahidi lori Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Maembe yalikuwa yanadondoka.

Kwa hiyo yeye hakukosa habari. Alikosa kile ambacho sisi waandishi wa programu tunakiita bafa, yaani mahali pa kuweka kazi inayokuja kwa kasi kuliko inavyoweza kushughulikiwa. Seva isiyo na bafa, maombi yakizidi, hutupa yale yasiyopata nafasi, na haijalishi umeweka skrini ngapi za kukuonyesha takwimu. Utaona tu kwa usahihi zaidi jinsi unavyopoteza.

Bafa za maembe zipo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wamejaribu pamoja na wakulima chumba cha makaa yanayoloweshwa maji, ambacho hupoa maji yanapovukizwa, na pia CoolBot. Hiki cha pili mtakipenda. Kiyoyozi cha kawaida hugoma kushusha joto chini ya nyuzi 16 hivi. CoolBot hukipasha moto kidogo kihisi chake ili kidhani chumba bado kina joto, nacho kinaendelea kupuliza. Kwa embe unasimamia nyuzi 12 au 13, kwa sababu chini ya hapo tunda huumia kwa baridi. Kalamba, kaunti ya Makueni, kuna kiwanda cha kusindika maembe cha serikali ya kaunti. Na kuna njia ya bei nafuu kuliko zote, ambayo ndiyo niliyoichukua mimi: kukausha.

Kikaushio changu ni sanduku la mbao lenye karatasi ya nailoni juu na trei nne za wavu ndani. Nimeongeza kihisi cha joto, feni ndogo ya kompyuta kuukuu na betri ya sola. Programu yake haifiki mistari 60: joto likipita nyuzi 60, washa feni; likishuka chini ya 55, zima. Hilo dogo lina maana kubwa, kwa sababu joto likizidi kipande hujifunga ngozi ngumu nje kabla ndani hapajakauka, na baada ya wiki mbili kinaota ukungu.

Maembe 240 yalikuwa kama kilo 96. Ukitoa maganda na kokwa zikabaki 60 na ushei. Baada ya awamu tatu za kukausha nilipata kilo 9, yaani pakiti 90 za gramu 100. Kila pakiti iliuzwa shilingi 150, jumla 13,500. Toa pakiti, nauli na mbao, bado ni mbali sana na zile 720 alizopata mwenye miti.

Hesabu hiyo ilinikalia vibaya. Jua ni lake kama lilivyo langu, na kukata embe anajua kunishinda. Nilichomzidi ni sanduku la mbao tu. Tena nilikuwa nimeona mashina manne ya miembe yaliyokatwa pembeni mwa shamba lake. Ameyachoma makaa, kwa kuwa gunia la makaa lina mnunuzi kila siku. Mwembe wa kupandikizwa huchukua miaka mitatu au minne kuanza kuzaa. Ukikatwa kwa sababu ya bei ya Januari hii, hautakuwepo Januari ambayo bei itakuwa nzuri. Sisi wanunuzi tutakuwa tumefurahia maembe ya shilingi tatu kwa miaka miwili, kisha tutauliza yameenda wapi.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kikaushio cha pili kinajengwa kwake, chini ya chama chao cha akina mama 11. Mbao na nailoni ni shilingi 8,500, nusu yangu na nusu ya chama. Vifaa vya umeme natoa mimi. Wao watakausha, mimi nitanunua vilivyokauka kwa bei watakayopanga wao, na wakipata anayelipa zaidi wamuuzie huyo. Kama chama hakitapata faida msimu ujao, miembe iliyobaki iko hatarini, aliniambia hivyo bila kuficha.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: kata vipande vya unene sawa, milimita 6 hivi, ama vyembamba vitaungua kabla vinene havijakauka. Tumia embe lililoiva lakini bado gumu kidogo. Chovya kwenye maji ya ndimu ili rangi isififie. Kipande kiko tayari kikikunjika bila kuvunjika na bila kutoa maji. Mabaki yenye mabuu usiyatupe shambani, yafunge kwenye mfuko mweusi uyaache juani siku kadhaa, la sivyo unawafugia jirani nzi wa mwaka ujao.

Mchoro wa nyaya na programu yenyewe nitaviweka hapa wiki ijayo. Mwenye feni za zamani za kompyuta asizitupe, nazihitaji.