Njia ya Theluji, Mount Washington

Ndugu zetu waliohamia Marekani hutusimulia theluji kana kwamba ni kitu kimoja. Mwezi wa Februari, tulipowazuru jimboni New Hampshire na kufuatana nao kupanda Mount Washington, tuliona kwamba theluji ina hali nyingi kama mchanga wa pwani yetu: uko mkavu unaomeza mguu, na uko ule wa maji kupwa, ulioshikana, ambao mtu huutembea bila ya kuchoka.

Mlima huo una mita 1,917. Haufiki hata nusu ya Mlima Kenya. Lakini tufani zake ni mashuhuri, na tarehe 12 Aprili 1934 ulipimwa kileleni upepo wa kilomita 372 kwa saa. Kilele hatukukitaka. Azma yetu ilikuwa Hermit Lake, mwendo wa kilomita zipatazo 4 kutoka Pinkham Notch, tulione kwa mbali bonde la Tuckerman lililochongwa na barafu za kale. Kupita hapo ni kuingia penye hatari ya maporomoko ya theluji, nasi hatukuwa na ujuzi huo.

Tuliondoka saa nne asubuhi, baridi ikiwa nyuzi 14 chini ya sifuri: wenyeji wetu mke na mume, sisi dada wawili, na shangazi yetu wa Kibokoni, aliyekataa katakata kuachwa nyumbani.

Usiku ilikuwa imeanguka theluji mpya, nyepesi kama unga, juu ya ile ya zamani iliyoganda. Viatu vya theluji ni mfano wa ungo uliofungwa chini ya buti: huutandaza uzito wa mtu asizame, na meno yake ya chuma hung'ata barafu. Asiyevivaa hutumbukia hadi magotini, na mashimo anayoyaacha huganda, yakaja kumtegua mguu mpitaji wa kesho. Kwa wapanda mlima wa huko, kuichimba njia hivyo ni utovu wa adabu. Tulipofika kwenye maporomoko ya maji ya Crystal Cascade tuliyakuta yameganda, lakini ukitega sikio ulisikia maji yakipita chini kwa chini.

Kilichotuponza ni jasho. Jana yake tulikuwa tumeambiwa: vaeni sufu, pamba iacheni, maana pamba hunywa jasho wala haikauki. Shangazi alivaa blauzi yake ya pamba ndani ya koti, asituambie.

Saa sita hivi, nusu ya njia, tulijitenga kando kusali Adhuhuri. Kule kusimama tu kulitosha.

"Wanangu, vidole vyangu sivisikii," alisema huku akicheka, na kicheko chake kilitughafilisha. Mpaka tulipomwona anashindwa kufunga zipu ya koti lake mwenyewe.

Mwenyeji wetu akasema, turudi. Tunakiri kwamba mmoja wetu alipendekeza shangazi apumzishwe hapo na mtu mmoja, wengine tuendelee. Safari ilikuwa ya mbali mno kuikatisha. Shangazi naye akaapa kwamba hajambo. Mwenyeji hakujibizana na yeyote. Jua huko huchwa mapema, na mtu aliyelowa hapumzishwi juu ya theluji. Tulimsitiri kwa shuka, tukambadilisha blauzi, mwenyeji wetu wa kike akampa glavu zake za akiba na chai ya tangawizi, akamwambia aiweke mikono makwapani.

Kuteremka kulikuwa kuzito kuliko tulivyodhani. Nyayo za watu wengi zilikuwa zimeushindilia ule unga ukawa utelezi, tukashuka kwa hatua fupi, shangazi katikati yetu. Garini vidole vyake vilipoanza kupata uhai vilimuuma hata akatokwa na machozi, nasi tukajua kwamba vimepona.

Hermit Lake hatukuiona. Wiki hii shangazi ametupigia simu akiagiza fulana mbili za sufu.