Madoa Kwenye Sukuma Wiki ya Gunia
Ukipita vichochoro vya Kibera, mpenzi msomaji, utaona magunia ya udongo yamesimama mlangoni, sukuma wiki zimechomoza ubavuni. Kilimo hiki kilienea sana kuanzia 2008, baada ya ghasia za uchaguzi.

Hebu inama utazame jani la chini. Je, lina doa la kahawia, duara ndani ya duara, ukingoni manjano? Hiyo ni kuvu iitwayo Alternaria. Vijimbegu vyake huletwa na upepo au matone ya mvua. Jani likikaa na maji kwa saa nyingi, huota na kupenya ndani. Na maji yenyewe ni ya kununua kwa mtungi!

Kule Kawangware mnunuzi huligeuza jani kwanza. Akiona doa, huenda zake. Basi chuma yenye madoa mapema, uyatupe mbali, na umwagilie shinani, si majanini.